Windows, Linux au ChromeOS Flex: namna ya kuchagua mfumo endeshi wa kompyuta yako

Ukinunua laptopu iliyotumika Kariakoo au Luthuli Avenue, swali la mfumo endeshi huwa limeshajibiwa kabla hujatoa pesa mfukoni. Fundi ameshapiga Windows, ameweka Office na VLC, na mashine inawaka vizuri mbele ya macho yako. Hukuchagua wewe, kachagua yeye, na kachagua kile alichokuwa nacho kwenye flashi yake. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu. Sasa linasumbua, kwa sababu nyingi ya mashine hizo zina Windows 10, na Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Mashine haitazimika kwa sababu hiyo. Word itafunguka, muziki utapiga, intaneti itashika. Ila kila tundu la usalama litakalogunduliwa baada ya tarehe hiyo litabaki wazi, na kompyuta unayoingilia akaunti ya benki si mahali pa kuachia matundu. Kwa hiyo mwenye Windows 10 ana njia nne: kupanda Windows 11, kuhamia Linux (mfumo wa bure usio wa Microsoft), kuweka ChromeOS Flex, au kujiongezea muda kidogo hapohapo alipo. Mwongozo huu nimemwandikia yeye, ingawa anayekwenda kununua mashine kesho utamfaa pia.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi unazofanya kweli

Chukua karatasi uandike kila programu uliyoifungua mwezi huu. Sio ile unayopanga kujifunza mwakani, ni ile uliyoifungua. Kisha pitia orodha na kujiuliza kuhusu kila moja: nikiikosa, kazi inasimama?

Sehemu kubwa ya orodha za watu ni kivinjari tu. Barua pepe, YouTube, WhatsApp Web, Google Docs, maombi ya kazi, tovuti za serikali. Hizo hazijali mfumo. Chrome na Firefox zipo kila mahali. Kuna na zile zenye mbadala wa kuridhisha: VLC na Zoom zina toleo la Linux, barua na ripoti fupi zinaandikika kwenye LibreOffice, na mtu anayepunguza ukubwa wa picha na kuweka maandishi juu yake hahitaji Photoshop.

Zinazoamua ni zile zisizo na mbadala. AutoCAD na ArchiCAD hazina toleo la Linux. Premiere na Photoshop hazina. QuickBooks ya kusakinisha ni ya Windows. Fomu za kodi za iTax za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, zinazojazwa kwenye Excel hutegemea makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), na makro za Excel si kitu cha kubahatisha usiku wa mwisho wa kuwasilisha. Vyuo vinavyotumia Safe Exam Browser vinahitaji Windows au mashine ya Apple, kwa hiyo mwanafunzi mwenye Linux peke yake atajikuta anaazima laptopu siku ya mtihani. Kwenye michezo, EA Sports FC na Valorant haziwaki kwenye Linux kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu. Ukiwa na programu moja tu ya aina hii, na ndiyo inayokulisha, mjadala umekwisha: unahitaji Windows, angalau kwenye sehemu ya diski.

Kuhusu Word niseme zaidi kidogo, maana hapo ndipo watu wengi hukwama. LibreOffice inafungua faili za Word vizuri, lakini tasnifu ya kurasa 90 yenye majedwali, tanbihi na yaliyomo yanayojitengeneza inaweza kuhama kurasa. Mara nyingi chanzo ni fonti: Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, na kwenye Linux nafasi yake huchukuliwa na Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule. Zikiwepo, mistari inakatika palepale. Zisipokuwepo, jedwali la ukurasa wa 34 linaangukia wa 35. Ukienda kuchapa stesheneri, peleka PDF na hutapata mshangao. Lakini kama msimamizi wako anakurudishia sura kila wiki ikiwa na maoni na masahihisho pembeni, baki na Word mpaka umalize. Kuhama mfumo katikati ya tasnifu ni kujitafutia ugomvi usio na maana.

Chini ya orodha andika jina la mtu utakayempigia simu mashine ikigoma. Kama fundi wa mtaani kwako anajua Windows tu na wewe hupendi kusoma maelekezo, hiyo ni sababu halali ya kubaki Windows, hata kama wapenzi wa Linux watakuona mvivu.

Hatua ya 2: Isome mashine yenyewe

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, halafu Enter. Dirisha litakalofunguka lina mambo mengi. Wewe tafuta mistari mitatu: Processor, Installed Physical Memory na BIOS Mode.

Mstari wa prosesa ndio wenye habari kubwa. Stika ya Core i5 iliyobandikwa pembeni ya kibodi haikuambii kitu, kwa sababu kuna i5 ya mwaka 2011 na i5 ya juzi. Angalia namba zinazofuata kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-7300U ni cha 7. i5-8250U ni cha 8. Namba ikianza na 10 au 11, kama i5-1135G7, ni kizazi cha 10 au cha 11. Kwa Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, na waliopenya chini ya hapo ni wachache mno.

Tafsiri yake dukani ni hii. HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, ambazo zimejaa sokoni, ni za kizazi cha 6, kwa hiyo hazimo. 840 G4 na ThinkPad T470 kwa kawaida ni za kizazi cha 6 au cha 7, nazo hazimo. ThinkPad T480 yenye i5-8250U au i5-8350U imo. Kuwa mwangalifu na 840 G5 na Dell Latitude 7490: zilitoka zikiwa na prosesa za kizazi cha 7 na cha 8 pia, kwa hiyo jina la modeli pekee halitoshi. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nifungue msinfo nione prosesa kabla hatujaongea bei." Anayekataa hilo anakuokolea pesa. Kwa mashine za AMD, pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check ikujibu yenyewe.

Kisha fungua tena Windows na R, uandike tpm.msc. Unatafuta Specification Version 2.0 ya TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Ikisema hakuna TPM, usikate tamaa kabla ya kuingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka. Kwenye mashine nyingi za ofisi ipo, ila imezimwa. Hali kadhalika BIOS Mode ikisoma Legacy, njia ya zamani ya kuwasha mashine, badala ya UEFI ambayo Windows 11 inaidai: mara nyingi ni aliyepiga Windows mwanzo ndiye aliyechagua hivyo, si mashine iliyoshindwa.

RAM: Windows 11 inadai GB 4 kama kiwango cha chini. Inadai tu. Kwa GB 4, ukifungua Chrome yenye kurasa kadhaa na Word pembeni, utakaa unaangalia duara likizunguka. Panga GB 8.

Hatua ya 3: Diski kwanza

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Disk. Ikiandika HDD, acha kila kitu ukanunue SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Watu wengi wanaolalamika kwamba Windows ni nzito wanalalamikia diski inayozunguka, na wakihamia Linux kwenye diski ileile watalalamika tena. Laptopu nyingi za zamani hupokea SSD ya inchi 2.5 palepale ilipokuwa HDD, kazi ya bisibisi na dakika chache.

Wasiosaidika ni wenye laptopu ndogo za Celeron zenye GB 4 za RAM na hifadhi ya eMMC ya GB 64, zile zilizouzwa mpya kwa bei ya kuvutia. eMMC imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi. Nyingi zina prosesa kama Celeron N4020 ambayo Windows 11 inaikubali kwenye karatasi, kisha masasisho yanajaza diski na mwenyewe hana pa kuweka picha. Hizi zitoe Windows bila huruma, uweke mojawapo ya mifumo miwili nitakayoitaja hapa chini.

Hatua ya 4: Chuja

Windows 11. Mashine ikikidhi vigezo na kazi zako zikiidai, chukua hii na usijisumbue zaidi. Toleo la Home litakudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kusakinisha, kwa hiyo uwe na bando tayari. Faili la usakinishaji lenyewe linazidi GB 5. Lipakue penye Wi-Fi.

Suala la leseni linastahili kuangaliwa kwa jicho pevu. Laptopu za makampuni zilizotoka na Windows 10 kuja huku kwa kawaida zina ufunguo wa leseni ndani ya BIOS. Ukisakinisha Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft, toleo lilelile iliyotoka nalo, Home au Pro, ikishika intaneti inajihalalisha yenyewe bila kukuuliza. Halafu utakuta mtu amewekewa kraki (programu ya kughushi leseni) kwenye mashine yenye leseni yake halali, na kraki hiyo ikamtaka azime kingavirusi ndipo ifanye kazi. Kabla hujakubali huduma hiyo, nenda Settings, System, Activation, uone imeandikwa nini.

Kuna njia ya kuweka Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi vigezo. Programu ya Rufus inaondoa ukaguzi huo wakati wa kutengeneza flashi. Inafanya kazi. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na yale makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, unayapiga upya kwa mkono. Kwa fundi anayejua anachofanya, sawa. Kwa kompyuta ya mzazi aliyeko mbali na wewe, hapana.

Kujiongezea muda kwenye Windows 10. Microsoft ina mpango wa masasisho ya ziada kwa watu binafsi unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine lazima iwe na toleo la 22H2, na unaingia kwa akaunti ya Microsoft: bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo, au kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Unapatikana Settings, kwenye ukurasa wa Windows Update. Unamfaa aliyebakiza muhula mmoja chuoni. Si mahali pa kuishi.

Linux. Mifumo ya Linux ni mingi mpaka inachosha, na anayeanza akiuliza atapewa majina kumi na ugomvi juu yake. Mimi natoa jina moja: Linux Mint. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litatunzwa hadi 2029. Lina menyu pembeni chini kama aliyoizoea mtu wa Windows, LibreOffice na Firefox zimo tayari, na ni bure. Mashine ya GB 8 chukua toleo la Cinnamon. Ya GB 4 chukua Xfce. EliteBook 840 G3 yenye SSD na Mint ni kompyuta nzuri kabisa ya ofisi, shule na nyumbani, na ndiyo jibu langu kwa watu wengi walioachwa nje na Windows 11.

Mambo mawili kuhusu Mint hayasemwi vya kutosha kwetu. La kwanza ni bando. Mint inakuonyesha masasisho yaliyopo na ukubwa wake, kisha inasubiri ubonyeze. Haianzi kuyapakua yenyewe ukiwa umeunganisha simu. Windows unaweza kuituliza kwa kuiwekea Metered connection, ila lazima ukumbuke kufanya hivyo kwa kila mtandao. La pili ni flashi za stesheneri. Ukitoka kuchapa, ukachomeka flashi na kukuta kila folda imegeuka shotikati ya KB 1 au 2, virusi vimeficha faili zako na kuweka vyake mbele. Kwenye Mint vile virusi vya Windows havijiendeshi. Fungua flashi, bonyeza Ctrl na H kuonyesha vilivyofichwa, na mara nyingi faili zako unazikuta zote. Nakili, futa flashi, endelea.

ChromeOS Flex. Ni mfumo wa Google, wa bure, unaogeuza laptopu kuwa kivinjari chenye kibodi. Unataka prosesa ya Intel au AMD ya biti 64, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 16. Ni mwepesi, unajisasisha kimyakimya, na ni vigumu mno kuuharibu. Nausifu kwa watoto wa shule, kwa wazee wanaosoma habari na kupiga video, na kwa kompyuta za sebuleni. Una kasoro tatu za kujua mapema: hauna Play Store, kwa hiyo usitegemee programu za simu, bila intaneti unabaki na machache, na ukiusakinisha unafuta diski nzima, haukai pamoja na Windows.

macOS. Ni ya mashine za Apple tu. Ukiuziwa MacBook yenye prosesa ya Intel kwa bei ya kutupa, ujue kwamba macOS 26, Tahoe, ya mwaka 2025, ndiyo ya mwisho kukubali Intel, na ni modeli chache tu za Intel zinazoipokea. Anayetaka Mac itakayodumu aanzie M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020.

Hatua ya 5: Jaribu bila kusakinisha

Hapa ndipo Linux inapoizidi Windows. Pakua Mint, uiweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa kutumia Rufus au balenaEtcher, halafu uwashe mashine ukiwa unagongagonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Mint itawaka kutoka kwenye flashi, Windows yako ikiwa salama haijaguswa.

Usiishie kuangalia urembo. Unganisha Wi-Fi. Cheza video na usikilize spika, kisha chomeka earphone. Fungua kamera. Punguza mwanga wa skrini kwa vitufe. Funika laptopu dakika kadhaa, uifunue uone kama inaamka. Chomeka modemu yako, printa yako, na kama unafundisha, projekta. Chochote kitakachogoma, andika. Kadi za Wi-Fi za Intel huwa hazina neno. Za Broadcom ndizo hudai draiva ya ziada, na hapo unachomeka simu kwa waya wa USB, unawasha mgawo wa intaneti, unafungua Driver Manager na kuipakua. Flashi itakuwa nzito kidogo, hiyo isikutishe. Ikishakaa kwenye SSD inabadilika.

Hatua ya 6: Bekapu na ufunguo wa BitLocker

Nakili faili zako kwenye diski ya nje. Watu hukumbuka Documents wakasahau Desktop, Downloads, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na faili la kampuni la programu ya uhasibu ambalo mara nyingi limejificha nje ya folda zako. Baada ya kunakili, fungua faili tatu nne kutoka kwenye diski ile, kwenye kompyuta nyingine.

Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalozuia diski kusomwa bila ufunguo. Mashine nyingi za Windows 11 hufungwa zenyewe ukishaingia na akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hana habari. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS au ukisogeza sehemu za diski, utakutana na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft mtandaoni. Uandike kwenye karatasi kabla hujagusa kitu.

Hatua ya 7: Sakinisha, na uishi na mifumo miwili kwa muda

Kama diski ina nafasi, usifute Windows siku ya kwanza. Kwenye Disk Management punguza sehemu ya C ili upate GB 60 hivi, zima Fast Startup kwenye Power Options, ndipo uwashe kwa flashi na uchague kusakinisha Mint kando ya Windows. Fast Startup ikibaki imewashwa, Windows haizimiki kikweli, na Mint itakataa kuandika kwenye faili za upande ule.

Jambo moja litakushangaza. Ukitoka Mint kurudi Windows huenda ukakuta saa imerudi nyuma: kumbe ni saa nne asubuhi, Windows inasema saa moja. Si betri ya bodi. Linux huandika muda wa dunia kwenye saa ya mashine, Windows huisoma ileile kama saa ya hapa, na sisi wa Dar na Nairobi tuko saa tatu mbele ya muda huo wa dunia. Ukiwa Kigali, Bujumbura au Goma, tofauti itakuwa saa mbili. Dawa ni kufungua terminali ya Mint na kuandika:

timedatectl set-local-rtc 1

Endelea hivyo mwezi mmoja, na kila ukilazimika kurudi Windows, andika umerudi kufanya nini. Karatasi ikibaki tupu, hamisha faili zilizobaki upande ule na uirudishie Mint diski yote. Ikijaa programu moja ileile, iwe ya uhasibu au ya michoro, basi tafuta mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu, uweke Windows 11 yenye leseni, na hii ya Mint umpe mtoto aanzie.